Kichwa cha Mwafrika kwenye ngao ya Coburg: heshima au kejeli?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, niko Coburg, Ujerumani, mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi. Siku ya pili tangu nifike niliona kichwa cha mtu mweusi barabarani, kimechongwa kwenye mfuniko wa chemba: nywele za kipilipili, hereni sikioni. Baadaye nikakiona kwenye jengo la manispaa, kwenye bendera na kwenye vikombe vya kuuzia wageni. Wenyeji wanakiita "der Mohr" na wanasema wanakipenda. Mgonjwa mmoja mzee aliniambia huku akicheka kwamba huyo ni ndugu yangu. Sikujua nicheke au ninune. Huyu ni nani? Ni mtumwa? Ni heshima au wanatukejeli? Bendera ya nyeusi na njano inahusiana naye? Na je, sisi Waafrika wachache tulioko hapa tunaruhusiwa kushona fulana zenye kichwa hicho?

Jibu: Marahaba, binti. Umeuliza maswali matano kwa mkupuo, na la mtumwa nadhani ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo nianze nalo. Hapana, si mtumwa. Huyo ni askari, tena mkuu wa askari, na kanisa linamhesabu mtakatifu. Kwa Kilatini anaitwa Mauritius, Wajerumani wanamwita Moritz au Mauritius, sisi tungesema Mtakatifu Morisi. Jina hilohilo ndilo tunaloitia nchi ya Morisi kule Bahari ya Hindi, ingawa kisiwa kile kilipewa jina na mabaharia wa Kiholanzi mwaka 1598 kwa heshima ya mwanamfalme wao Maurits, si kwa ajili ya mtakatifu. Mwanamfalme ndiye aliyekuwa na jina la mtakatifu.

Habari zake zinasimuliwa hivi. Mwishoni mwa karne ya 3 palikuwa na kikosi cha jeshi la Kirumi kilichotoka Thebe, Misri ya Juu, kwenye eneo ambalo leo ni Luxor, na askari wake walikuwa Wakristo. Kaisari Maximianus alikipeleka Ulaya, na kilipofika kwenye milima ya Alps, mahali palipoitwa Agaunum, kikaamriwa kutoa sadaka kwa miungu ya Roma na kuwaandama Wakristo wenzao. Wakakataa. Akauawa mtu mmoja kati ya kila kumi. Waliobaki wakakataa tena, wakachinjwa tena kwa hesabu ileile, hadi mwishowe wakaangamizwa wote pamoja na kamanda wao Morisi. Inasemekana ilikuwa mwaka 287 hivi. Agaunum ndiyo mji wa Saint-Maurice wa Uswisi ya leo, na monasteri yake ilianzishwa mwaka 515 na haijafungwa mpaka sasa. Anayetusimulia ni Askofu Eucherius wa Lyon, aliyeandika katika karne ya 5, zaidi ya miaka mia moja baada ya tukio lenyewe, ndiyo maana wanahistoria wengi wanatilia shaka kwamba kikosi kizima kiliuawa. Kwa swali lako hilo si kitu. Ngao haichori kilichotokea, inachora kile ambacho watu wa mji walikiamini.

Ila hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Kwa karne nyingi Morisi alichorwa akiwa Mzungu. Nenda Uswisi au Italia ya kaskazini leo, utamkuta mweupe kabisa, mashavu mekundu, amepanda farasi. Aligeukaje kuwa mweusi Ujerumani?

Twende Magdeburg, mji wa Ujerumani ya mashariki. Mfalme Otto wa Kwanza wa Ujerumani alianzisha monasteri pale mwaka 937 akaiweka chini ya ulinzi wa Morisi, na mtakatifu huyo akawa karibu sawa na mlinzi wa himaya nzima. Kanisa kuu la zamani liliungua mwaka 1207, wakajenga jipya, na ndani yake, karibu mwaka 1240, fundi ambaye jina lake halikuachwa alichonga sanamu ya mawe ya Morisi. Ukipata siku mbili za mapumziko, panda treni ukaione. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Amevaa deraya ya vikuku vya chuma iliyofunika kichwa chote mpaka kidevuni, na juu yake koti zito lenye safu za ribiti, vazi halisi la askari wa wakati ule. Wataalamu wa silaha wanaisoma sanamu hiyo kama hati. Miguu imekatika chini ya magoti. Mkono umejikunja kushika mkuki ambao haupo tena. Kilichobaki wazi ni uso tu, na uso huo ni wa Mwafrika: pua pana, midomo iliyojaa, macho yanayotazama mbali kidogo juu ya kichwa chako, na mabaki ya rangi nyeusi kwenye jiwe. Hakuna mzaha hata chembe. Anaonekana kama mtu ambaye fundi amewahi kumwona ana kwa ana, au aliona mchoro wa aliyemwona. Zama zile Kaisari Frederick wa Pili alikuwa na Waafrika katika baraza lake na katika misafara yake, kwa hiyo uso mweusi haukuwa hadithi tupu kwa Wajerumani.

Jina lenyewe pia lilichangia. Mauritius linafanana na neno la Kilatini *Maurus*, mtu wa Mauretania ya kale, yaani kaskazini-magharibi mwa Afrika. Kutoka *Maurus* ndiko Wajerumani walikopata *Mohr*. Nitalirudia neno hilo baadaye, maana lina kesi yake.

Baada ya Magdeburg, Morisi mweusi akasambaa katika Ujerumani ya kati na ya mashariki. Kwenye mwaka 1520 hivi mchoraji Grünewald alimchora kwa ajili ya Kardinali Albrecht wa Brandenburg, akiwa amevaa deraya ya fedha inayong'aa, anazungumza na askofu mtakatifu kama watu wa hadhi moja. Picha hiyo iko Munich, kwenye jumba la Alte Pinakothek. Munich si mbali nawe.

Coburg iliingia kwenye mkondo huohuo. Kanisa kuu la mji wako ni Morizkirche, kanisa la Morisi, lenye minara miwili isiyolingana. Bila shaka umeshalipita ukienda sokoni. Miji ya zamani ilikuwa na kawaida ya kuchukua msimamizi wa kanisa lake kuwa alama ya mhuri wake, na mhuri ndio mama wa ngao nyingi za miji. Mkataba uliofungwa bila mhuri wa mji haukuwa mkataba. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Nürnberg aliyepokea barua kutoka Coburg alijua imetoka wapi kwa kuona kichwa hicho kwenye nta. Mwafrika huyo alikuwa saini ya mji.

Kilichonivutia mimi ni kwamba mji haukumtupa hata ulipobadili dini. Mwaka 1530 Martin Luther alikaa karibu nusu mwaka kwenye ngome iliyo juu ya kilima, ile unayoiona kutoka kila kona, akisubiri matokeo ya mkutano wa himaya kuhusu mambo ya imani huko Augsburg, na alihubiri ndani ya Morizkirche. Coburg ikawa ya Kilutheri, na Walutheri hawaombi watakatifu. Masanamu mengi Ujerumani yalivunjwa au kuondolewa miaka hiyo. Morisi akabaki. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuacha kuwa mtu wa madhabahuni tu, akawa mwananchi.

Sasa tuitazame ngao yenyewe. Kama macho yako yamezoea Bibi na Bwana wa nembo yetu ya Taifa, waliosimama juu ya Kilimanjaro wakiishika ngao huku na huku, ngao za miji ya Ujerumani zitakuonyesha uchache. Kwa kawaida ni ngao tupu, hakuna washikaji, hakuna maneno chini. Ya Coburg ni ya dhahabu, na ndani yake kichwa cha Morisi, kimegeuzwa upande. Basi. Maelezo rasmi ya ngao huwa mafupi namna hiyo, na kila fundi anaruhusiwa kuchora kwa mkono wake ilimradi maelezo yatimie. Ndiyo maana kichwa cha kwenye mfuniko wa chemba hakifanani kabisa na cha kwenye barua za manispaa.

Dhahabu na njano ni kitu kimoja katika fani hii ya kuchora ngao, na fedha ni nyeupe. Hizo mbili zinaitwa metali. Nyeusi, nyekundu, bluu na kijani ndizo rangi. Kanuni ya zamani inasema usiweke rangi juu ya rangi wala metali juu ya metali, maana vitani ngao ilipaswa kutambulika kwa mbali kabla hujachomwa mkuki na mtu wa upande wako mwenyewe. Usidhani jambo hili ni la Wazungu na farasi wao tu. Itazame bendera ya Tanzania: ule mshazari mweusi ungegusana na kijani na bluu, rangi juu ya rangi, lakini umetenganishwa nazo kwa vimistari viwili vya njano. Ya Kenya imefanya hivyohivyo kwa nyeupe. Nyeusi juu ya njano ndiyo inayosomeka kwa mbali kuliko zote. Kichwa cheusi juu ya dhahabu kimedumu miaka mingi kwa sababu za kiimani, lakini kimesaidiwa pia na macho.

Hilo ndilo jibu la swali la bendera. Miji mingi ya Ujerumani haibuni bendera, inaitoa kwenye ngao: rangi ya kitu kilichochorwa inakwenda juu au inatangulia, rangi ya uwanja inafuata. Kichwa ni cheusi, uwanja ni dhahabu, basi nyeusi na njano. Coburg ina sababu ya pili pia. Tangu mwaka 1353 mji ulikuwa chini ya ukoo wa Wettin, ambao baadaye ukawa wa watawala wa Saxony, na ngao yao ni mistari ya nyeusi na dhahabu iliyokatwa kwa mshazari na taji la kijani. Utaiona kwenye majengo ya watawala wa zamani, usiichanganye na ya mji. Ukoo huo ndio uliomzaa Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, na sanamu yake iko katikati ya soko lenu.

Utakuwa umeona pia kwamba bendera nyingi huko hazipepei kwa upana kama zetu bali zinaning'inia, ndefu, kutoka juu kwenda chini, na ngao imewekwa wima kwenye sehemu ya juu. Wajerumani wanapenda mtindo huo kwa sababu barabara za miji ya zamani ni nyembamba na bendera hiyo inasomeka hata upepo usipovuma.

Sasa inua macho ukiwa hapohapo sokoni, mbele ya jengo la manispaa. Juu kabisa ya paa la mbele kuna sanamu ya askari mwenye fimbo mkononi. Huyo ni Morisi tena. Lakini wenyeji hawamwiti mtakatifu wala kamanda, wanamwita "Bratwurstmännle", kijibwana cha soseji, kwa sababu inasimuliwa kwamba fimbo yake ya ukamanda ndiyo kipimo cha soseji ya Coburg: sentimita 31 kabla ya kuchomwa. Soseji hiyo inachomwa palepale chini yake kwa moto wa matunda makavu ya msonobari, yale magumu yenye magamba, na moshi wake una harufu ya utomvu unaoganda kwenye nguo mpaka jioni. Mkate ni mdogo wa mviringo, soseji inachomoza huku na huku kama mtu aliyelalia kitanda cha mtoto. Nimekula, na nilikula ya pili. Sioni dharau katika jina hilo; namna hiyo ndivyo mji unavyomfanyia mtu wake wa miaka mingi, unamtania. Ila tofautisha utani wa mji kwa mtakatifu wake na utani wa mtu mmoja kwa muuguzi mgeni. Nitalifikia.

Kabla ya hapo lazima nikueleze sehemu ya giza, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini wenyeji wanakuwa wakali ukigusa kichwa hicho.

Coburg iliwapokea Wanazi mapema sana. Oktoba 1922 Hitler alifika kwa treni maalumu na mamia ya wafuasi wake wakapigana mitaani. Juni 1929 chama chake kilishinda viti 13 kati ya 25 vya baraza la mji, na Coburg ikawa mji wa kwanza Ujerumani kuwapa Wanazi wingi wa moja kwa moja. Januari 1931, miaka miwili kabla Hitler hajashika nchi, bendera ya swastika ilikuwa tayari inapepea kwenye jengo la manispaa, lilelile lenye askari wetu juu ya paa. Sasa fikiria watu hao, wanaohubiri kwamba Mwafrika si mtu kamili, kila barua wanayoandika ina kichwa cha Mwafrika juu yake. Mwaka 1934 wakamwondoa. Mahali pake wakaweka upanga uliosimama wima, na kwenye kitasa cha mpini wake swastika.

Kwa miaka 11 mji ukawa na ngao hiyo. Aprili 1945 Wamarekani waliingia, utawala ukaanguka, na mwaka huohuo kichwa cha Morisi kikarudishwa. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Coburg kwamba kichwa hicho ni cha kibaguzi, yeye anasikia kinyume chake: walioking'oa ndio waliokuwa wabaguzi. Kwa upande wa historia hajakosea.

Hajakosea, lakini hajamaliza. Hapa ndipo napenda kutenganisha vitu vitatu ambavyo wenyeji na wapinzani wao huvitia kwenye chungu kimoja: mtu, mchoro na neno.

Kuhusu mtu nimekwisha kusema.

Mchoro ni habari nyingine. Linganisha sanamu ya Magdeburg na kichwa kilicho kwenye ngao ya leo. Deraya imekwenda wapi? Mkuki? Alama ya ukamanda? Vyote vimeondoka, amebaki mtu asiye na cheo, nywele zimechorwa kwa vifundo, midomo imekuzwa, na sikioni amening'inizwa hereni ya dhahabu. Hakuna masimulizi yanayosema Morisi alivaa hereni. Hereni ni mkato wa wachoraji wa Ulaya: walipotaka kusema "huyu ni wa mbali" walimvika hereni, kama mchoraji wa katuni anavyomvika Mwarabu kilemba hata kama hajawahi kukivaa. Kwa hiyo uliyemwona kwenye mfuniko ni kamanda aliyevuliwa sare. Uliposhtuka hukukosea kusoma. Uliisoma ile mikato, nayo imechorwa isomwe hivyo.

Mwaka 2020, wakati maandamano ya kumlilia George Floyd yalipoenea Ulaya, lilianzishwa mtandaoni ombi la kutaka Coburg ibadilishe ngao yake. Wenyeji wakaanzisha lao la kuitetea, na kichwa kikabaki. Mwaka huohuo kanisa kuu la Kilutheri la Ulm liliamua kutowaonyesha mamajusi watatu kwenye pango lake la Noeli, kwa sababu mmoja wao, Melkiori, alivyochongwa ni kichekesho cha mtu mweusi. Mimi naona Ulm walikuwa na kesi nzito kuliko Coburg, maana sanamu ile ilikuwa imechongwa watu wacheke. Coburg ningewashauri kitu kingine kabisa, nacho kinaruhusiwa na fani: wamchore upya. Maelezo yanataka kichwa cha Mtakatifu Morisi, hayalazimishi midomo ya namna fulani. Mchukueni yule wa Magdeburg, na kofia yake ya vikuku, mumweke kwenye dhahabu. Ngao itakuwa ileile kisheria, na mtu atakuwa amerudishiwa sare yake. Hilo ni wazo langu, hakuna aliyeniuliza.

Neno *Mohr* ndilo gumu zaidi. Lilianza kama jina la asili ya mtu na lilitumika hata kwa watakatifu. Likapita katika biashara ya utumwa, katika watoto weusi waliovalishwa vilemba na kusimamishwa nyuma ya viti vya watawala, katika matangazo ya kahawa na chokoleti. Mpaka juzijuzi kuna kitamutamu cha povu la sukari kilichofunikwa chokoleti ambacho wazee bado wanakiita "kichwa cha Mohr", ingawa dukani sasa kimeandikwa jina jingine. Berlin ilikuwa na Mohrenstraße katikati ya mji. Baraza la wilaya ya Mitte liliamua mwaka 2020 kuibadilisha, watu wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 mtaa ukapata jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa wa karne ya 18 aliyezaliwa pwani ya Ghana ya leo na kufundisha vyuo vya Halle na Jena. Coburg nayo ina Mohrenstraße yake. Mjerumani kijana mara nyingi hatakuita hivyo. Mzee wa Coburg anaweza kulitamka asubuhi hadi jioni akiwa na maana ya ngao tu. Kwenye sikio lako linafika na mizigo yake yote.

Basi, mgonjwa wako. Wewe ndiye uliyeuona uso wake, mimi sikuuona. Kama alikuwa anatafuta la kuzungumza, kama wazee wetu wanavyomuuliza mgeni ukoo wake mpaka wapate pa kumfunga undugu, basi alikuwa anakukaribisha kwa kitu kimoja cha Kiafrika anachokijua. Ungemjibu hivi: "Ndugu yangu huyo ni jenerali, na anaitwa Mauritius." Taja jina. Mara nyingi mzee mwenyewe atafurahi na kuanza kukusimulia habari za kanisa. Akirudia siku ya pili na ya tatu mbele ya wenzake ili wacheke, hapo si historia tena, hapo ni mgonjwa anayemsumbua mwanafunzi, na msimamizi wako wa mafunzo ana wajibu wa kusikia.

Hukuuliza, lakini huenda unawaza kwamba kichwa kile cha barabarani kinakanyagwa: mifuniko ya chemba ni mali ya mji, na miji ya Ujerumani inapenda kutia ngao yake kwenye kila mali yake, kuanzia mifuniko mpaka magari ya taka. Hawakumweka chini kwa nia ya kumkanyaga. Hata hivyo nakuelewa. Shangazi yangu alikuwa na kanga yenye picha ya kiongozi, na hakuwahi kuivaa kiunoni; alisema uso wa mtu hauketiwi. Wengine hawana mwiko huo, na ndiyo maana hawauoni.

Coburg si peke yake, nikuongezee hilo ili usishtuke ukisafiri. Karibu na Munich, Ismaning ina kichwa cha mtu mweusi mwenye taji. Hicho si cha Morisi. Kinatokana na maaskofu wa Freising, waliokitumia tangu mwaka 1316, na asili yake inabishaniwa hadi leo. Papa Benedikto wa 16, aliyewahi kuwa askofu mkuu wa Munich na Freising, alikwenda nacho mpaka Vatikani kwenye ngao yake mwaka 2005. Corsica nayo ina kichwa cheusi chenye kitambaa cha paji la uso kwenye bendera yake, na Sardinia ina vinne. Kila kimoja kina asili yake, na vingine havina heshima yoyote: ni vichwa vya maadui walioshindwa. Usivihukumu kwa kufanana.

Na kwa kuwa umetoka Tanzania, kuna karatasi moja ambayo ningependa uijue. Karibu na mwaka 1914 Wilhelm Solf, aliyekuwa mkuu wa wizara ya makoloni huko Berlin, aliandaa ngao na bendera kwa kila koloni la Ujerumani. Ya Afrika Mashariki ilikuwa na kichwa cha simba. Vita vikaanza, hazikutumika hata siku moja. Huwa nawaza kwamba Wajerumani wa mwaka 1240 walipofikiria Afrika walimwona kamanda, na wa mwaka 1914 wakamwona mnyama.

Fulana sasa. Sheria ya serikali za mitaa ya Bavaria inasema ngao na bendera za miji haziwezi kutumiwa na watu wengine bila idhini ya mji wenyewe. Inakuhusu hata kama fulana si za kuuza, maana ngao ikitumiwa inaonekana kana kwamba mji ndio unaosema. Kwa hiyo mna njia mbili. Mkitaka ngao kamili, kichwa ndani ya dhahabu, andikeni barua kwa manispaa: nyinyi ni nani, fulana ngapi, zitavaliwa wapi, zitauzwa au la, na mwambatishe mchoro wenyewe kwa rangi zake. Miji mara nyingi haina ugumu na vikundi vya wakazi wake, lakini subirini jibu la maandishi kabla hamjalipa mchapishaji. Njia ya pili haihitaji ruhusa ya mtu. Morisi mwenyewe si mali ya Coburg. Mkimchora wa kwenu, na deraya yake na mkuki aliopoteza, bila umbo la ngao na bila kuiga kichwa cha mji, hiyo ni picha ya mtakatifu tu. Sikukuu yake ni tarehe 22 Septemba, mkianza kuchora mwezi wa 7 mtakuwa mmewahi. Hereni msiiweke.